Mafia kwa Pesa ya Ufuta au ya Korosho?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze habari ya kuzamia. Msishtuke. Sizungumzii ule uzamiaji tuliouzoea wa vijana kujificha ndani ya meli wapate kufika Ulaya au Afrika ya Kusini. Nazungumzia kuzamia kwenyewe: mtu avae miwani na mapezi, abebe mtungi wa hewa mgongoni, ashuke chini ya maji akaone matumbawe na samaki, kisha apande juu salama na arudi kwake kula chakula cha jioni.

Jambo hili limeletwa kwangu na watu wa Nachingwea na Ruangwa. Huko kuna kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wake wakiwa walimu, wauguzi, wenye maduka na wakulima. Kwa muda mrefu wamekuwa wakitenga hisa kidogo kidogo kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kwenda kisiwani Mafia kuona kilichomo chini ya bahari. Fedha inakaribia kutosha. Lakini sasa wamegawanyika makundi matatu, na ugomvi wao hauhusu kama waende au wasiende, bali waende lini. Wa kwanza wanataka Aprili kwa sababu wamesikia mwezi huo vyumba ni rahisi. Wa pili wanataka Juni na Julai, maana pesa ya ufuta inakuwa mkononi na shule zimefungwa. Wa tatu wanasema tungoje korosho. Nilipopita huko waliniambia nitoe neno, na mimi nikawaahidi kwamba nitalitoa hadharani ili wengine nao wafaidike.

Najua wapo wasikilizaji wa mjini watakaocheka. Watu wa Nachingwea waende kuzamia? Si mambo ya Wazungu hayo? Ndugu zangu, watu wa kusini wameijua bahari kabla miji mingi ya leo haijapata jina. Misafara ya Wayao na ya makabila mengine ya bara ilikuwa ikiteremka Kilwa na Lindi na pembe na nta, ikirudi na nguo na chumvi. Na Kilwa yenyewe, ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, iliishi kwa kalenda ya upepo. Hakuna nahodha aliyeamka asubuhi akasema, leo nimejisikia, nang'oa nanga kwenda Bara Arabu. Alingoja kusi imsukume kwenda, akangoja kaskazi imrudishe. Tajiri au maskini, wote walingoja. Kwa hiyo swali la watu wa Nachingwea na Ruangwa si la anasa wala si la kuiga. Ni swali la zamani kuliko yote katika pwani yetu: bahari inaruhusu lini?

Tena kuna haki ndani yake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Ilianzishwa mwaka 1995 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mali hiyo ni yetu, lakini ukihesabu watu walioiona kwa macho yao kutoka wilaya za bara za mkoa wa Lindi, nadhani vidole vya mkono vitatosha. Mtu akijikusanyia senti zake kwa miaka ili aione mali yake, halafu akafika katika mwezi mbaya, akakuta upepo mkali, maji ya tope na boti zimefungwa gatini, hatarudi tena. Na atawaambia watoto wake kwamba bahari si ya kwao. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa.

Basi hebu tuufungue mwaka wa bahari tuutazame.

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi, na huwa na nguvu zaidi Januari na Februari. Kusi huanza Aprili, ikapamba moto Juni, Julai na Agosti, kisha ikalegea Septemba kuelekea Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya utulivu ambavyo wazee wa pwani huviita maleleji, wakati upepo unapogeuka na bahari inalala kama mkeka. Kipindi kimoja cha kugeuka huangukia kwenye mvua za masika. Kingine huangukia Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado kidogo. Mwenye masikio ameanza kunielewa.

Tuanze na kundi la Aprili. Ni kweli kwamba mwezi huo bei hushuka. Lakini mwenye duka akishusha bei ghafla, mnunuzi mwerevu huuliza kwa nini. Aprili na Mei ndiyo miezi ya masika makubwa Mafia. Nyumba nyingi za wageni hufunga milango kabisa, zikakarabati mapaa yake. Mito inashuka na tope, na msisahau kwamba Mafia iko mbele ya mlango wa Rufiji, mto mkubwa unaomwaga maji yake karibu na mkondo wa kisiwa hicho. Chini ya maji hayo mzamiaji atanyoosha mkono asione vidole vyake.

Tena kuna jambo zito kuliko tope. Sisi hujisifu kwamba vimbunga vikubwa ni vya Madagaska na Msumbiji, na kwa kawaida ni hivyo. Lakini vilivyotufikia vimependa msimu huohuo. Kimbunga kilichoipiga Unguja na kuiangamiza mikarafuu kilikuja Aprili 1872. Kimbunga kilichoivunja Lindi kilikuja Aprili 1952, na wazee wa mji ule wamekisimulia kwa miaka mingi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na watu wa Mtwara wakaambiwa wajihifadhi. Halafu tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika eneo la Mafia chenyewe. Mvua zake ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa, na abiria wakakwama njiani kwa siku kadhaa.

Sasa mtu wa Nachingwea anapita wapi kwenda Mafia? Atateremka mpaka Mnazi Mmoja, apite Lindi, apite Nangurukuru, apite Somanga hiyohiyo, avuke Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha akunje njia panda ya Bungu kwenda Nyamisati kutafuta chombo cha Kilindoni. Wenye umri wangu wanakumbuka kabla ya daraja hilo tulivyokuwa tukilala kando ya kivuko cha Ndundu tukihesabu mbu. Daraja limeondoa adha ile, lakini halikuondoa masika. Aprili si rahisi. Aprili ni ghali, ila bei yake hulipwa baadaye.

Sasa kundi la ufuta. Hawa hoja yao ina nguvu, nami siidharau. Ufuta huvunwa na kuuzwa mnadani kuanzia mwezi wa tano na wa sita hivi, fedha ikaingia wakati shamba limepumzika. Mvua hakuna, barabara ni kavu, walimu wako likizo. Kwa mtu wa nchi kavu, Juni ni mwezi mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba hatuendi nchi kavu.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kusi kali. Upande wa nje wa Mafia, unaotazama bahari kuu, mawimbi huwa makubwa kiasi kwamba wazamishaji waangalifu hawampeleki mgeni huko. Kinachobaki ni ndani ya Ghuba ya Chole, ambayo imekingwa na visiwa vidogo na miamba. Humo watu huzamia karibu mwaka mzima, na matumbawe yake ni mazuri. Kwa hiyo sisemi kwamba Juni ni mwezi wa kufa. Nasema kwamba Juni utalipa bei ya nyumba nzima ukaingizwa sebuleni tu. Maji nayo huwa ya baridi kuliko miezi mingine, kadiri ya nyuzi 25, ilhali Machi hukaribia nyuzi 30. Nyuzi 25 ukizisikia redioni unaona ni joto. Kaa ndani yake dakika 45 ndipo uniambie meno yako yanasemaje.

Halafu kuna kuvuka. Ndugu wasikilizaji, tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ilikuwa mchana, siku ya upepo mkali. Sitaki kurudia uchungu wa siku ile, na najua kwamba ajali ya chombo huwa na sababu zaidi ya upepo. Nataka tu tukumbuke ilitokea mwezi gani. Mtu ambaye hajawahi kupanda chombo cha baharini, safari yake ya kwanza isiwe Julai, akiwa na mtoto mapajani, katika boti isiyo na makoti ya kuokolea ya kutosha.

Wapo watakaonijibu: mbona vitabu vya watalii vinasema Juni mpaka Oktoba ndio wakati bora wa kuja Tanzania? Vinasema hivyo, na vina haki kwa wale vilivyoandikiwa. Mtalii kutoka Ulaya ana likizo Julai na Agosti. Anakuja kutazama nyumbu wa Serengeti, na kiangazi humfaa kwa sababu majani ni mafupi na wanyama hukusanyika kwenye maji. Bahari kwake ni nyongeza ya siku tatu za mwisho. Ninyi hamna nyumbu katika hesabu yenu. Mabaharia wa pwani walituachia methali: usisafirie nyota ya mwenzio. Maana yake ndiyo hii hasa.

Tufike sasa kwa kundi la korosho.

Kuanzia Oktoba kusi imechoka. Bahari inatulia, tope la mito ni kidogo, na maji ya bahari kuu yanakuwa maangavu. Upande wa nje wa kisiwa unafunguka. Na katika miezi hiyo, Oktoba mpaka Machi, mbele ya Kilindoni huja mgeni mkubwa kuliko samaki wote duniani, papa potwe. Msiogope jina la papa. Huyu hana shida na mtu. Hula vidudu na samaki wadogo wadogo kwa kuchuja maji, na wengi wa Mafia ni vijana wa mita 6 au 7, ingawa mkubwa wao hupita mita 12. Zamani ilidhaniwa kwamba kusi ikianza huhama kwenda mbali. Lakini watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawaendi mbali. Miezi hiyo mingine huwa katika maji ya kina zaidi, nasi juu hatuwaoni. Msimu wa kaskazi hufuata chakula karibu na ufuko, na mtu asiyejua hata kutumia mtungi anaweza kumtazama kwa miwani tu akiwa juu ya maji. Sharti ni moja: usimguse, usimzuie njia.

Kwa hiyo bahari imeshahukumu. Imewapa haki watu wa korosho. Lakini bahari ndiyo hakimu wa kwanza, si wa pekee. Wako wengine watatu wa kuulizwa.

Wa pili ni shamba. Oktoba na Novemba mkulima wa Ruangwa hana muda wa kuzamia. Korosho zinaanguka, zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha msingi, zinangoja mnada. Korosho iliyolala chini ikanyeshewa hupoteza daraja. Na fedha ya mnada haiji siku ya mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 tumeona miaka ya malipo ya haraka, na tumeona mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliongoja miezi. Hapa nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Asitokee mwanachama akauza korosho zake kwa kangomba, bakuli kwa bakuli, nusu ya bei, ati awahi nauli. Safari inayolipiwa kwa kangomba haimalizikii Kilindoni. Humalizikia Machi, debe la unga likiwa tupu. Fedha ya safari iwe ile ambayo tayari imeingia katika sanduku la kikundi. Ya ghalani bado si yako.

Wa tatu ni shule. Mwalimu hawezi kuacha darasa Novemba, tena mwezi wenye mitihani. Likizo zake ni za katikati na za mwisho wa mwaka.

Wa nne ni mwezi, nao nitaurudia baada ya kitambo kidogo.

Ukiwaweka mahakimu hawa pamoja, jawabu linajitokeza lenyewe: siku za mwanzo za Desemba, mara tu shule zinapofungwa. Sehemu kubwa ya korosho imeshatoka mashambani, malipo ya minada ya kwanza kwa kawaida yameshafika. Bahari bado ni tulivu, maana kaskazi haijapata nguvu zake za Januari. Papa potwe wapo. Mvua za kusini ndiyo kwanza zinaanza, na barabara bado inapitika. Na mkirudi mnaukuta msimu wa kupanda haujawaacha. Msichelewe mpaka Krismasi, maana hapo vyombo hujaa, vyumba hupanda bei, na watu wa Dar es Salaam hufika na mizigo yao yote. Wauguzi, ambao likizo zao hupangwa kwa zamu, waombe mapema. Na wale wakulima ambao Desemba hawawezi, wasikate tamaa: Februari bahari bado ni ya joto na papa potwe bado wapo, ingawa upepo utawayumbisha kidogo na shamba litadai palizi.

Wenye kuangalia kalenda waangalie na Ramadhani. Watu wa Mafia wengi ni Waislamu, na mfungo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kwa miaka hii ijayo utakuwa ukiangukia Februari na Januari. Si vibaya kwenda, lakini ujue kwamba mchana migahawa mingi itafungwa na wavuvi watakuwa wamefunga. Mgeni mwenye adabu hupanga safari akijua mwenyeji wake yuko katika hali gani.

Sasa mwezi. Mkishachagua wiki, chagueni siku kwa kutazama angani. Mwezi unapoandama na unapopevuka ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Maji mengi kiasi hicho yakiingia na kutoka katika mlango mwembamba, mkondo wake hukimbia. Mlango wa Kinasi, unaoingia Ghuba ya Chole, ni maarufu kwa wazamiaji wazoefu, lakini katika bamvua si mahali pa mwanafunzi. Siku saba au nane baada ya mwezi kuandama au kupevuka ndipo maji mafu, mkondo ukapungua. Anayeanza aende maji mafu. Na kila siku, shukeni maji yanapojaa, kwa kuwa maji yanayoingia hutoka bahari kuu yakiwa maangavu. Yanapokupwa huburuta vumbi lote la mikoko na mchanga. Mvuvi yeyote wa Chole atakwambia hayo bila kukutoza.

Nina maneno machache kwa mwili pia, maana wakati mzuri wa bahari unaweza kuwa wakati mbaya wa mtu. Kozi ya kwanza ya kuzamia huchukua siku tatu au nne, na humruhusu mtu kwenda mpaka mita 18. Anayeitaka lazima aweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Asiyejua kuogelea aseme mapema. Hakuna aibu. Avae koti la kuokolea, atazame matumbawe kwa miwani kutoka juu, na atarudi na habari nyingi tu. Mwenye mafua asishuke, kwa kuwa ukifika mita 10 tu uzito wa maji umeshaongeza shinikizo mara mbili ya lile la ufukoni, na sikio lililoziba linaweza kupasuka. Mjamzito asishuke. Mwenye pumu au moyo amwone daktari kabla hajalipa, si baada ya kulipa.

Na mkishuka, msipande juu kwa haraka. Chini ya maji, hewa ya naitrojeni huingia katika damu. Mtu akipanda polepole hutoka taratibu, lakini akikurupuka hufanya mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu hayo yamewapooza watu. Kwa sababu hiyohiyo, atakayerudi kwa ndege ndogo ya kutoka Mafia asipande mpaka zipite saa 18 tangu alipotoka majini kama alizamia zaidi ya mara moja. Kwa hiyo siku ya mwisho ya safari isiwe ya kuzamia. Iwe ya kutembea, kununua ukili na kuagana. Andikeni hivyo katika ratiba tangu sasa, kwa sababu siku ya mwisho kila mtu hutamani mara moja zaidi.

Na mwenye chombo aulizwe kabla ya kupewa pesa: makoti ni mangapi na abiria ni wangapi, kuna redio ya mawasiliano, kuna hewa ya oksijeni ya dharura, mgonjwa atapelekwa wapi na kwa njia gani? Akicheka, hameni. Na asubuhi ya safari sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi, laleni Nyamisati. Usiku mmoja zaidi wa gesti haujamfilisi mtu.

Wapo watakaosema nimeikuza mno habari ya kuchagua mwezi. Kama ni wa Nachingwea, nitawauliza kitu kimoja. Nani aliye na haki zaidi ya kujua thamani ya majira? Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na mashine zilizobaki vitani. Walijenga reli kutoka pwani ya Mtwara kuja Nachingwea, na bandari ya kina kirefu. Fedha haikuwa shida, walitumia zaidi ya pauni milioni 30. Walichokosa ni subira ya kuijua mvua na udongo. Kongwa mvua zilipokata, ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, karanga zikanasa humo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Baadaye reli ikang'olewa. Wakulima wenyeji waliokuwa wakipanda kwa kutazama mawingu hawakuulizwa, au waliulizwa wakati mashine zimeshashushwa melini.

Mimi sioni tofauti kubwa kati ya mwenye pauni milioni 30 asiyeuliza majira na mwenye shilingi za kikundi asiyeuliza majira, isipokuwa moja. Yule wa kwanza alikuwa na serikali ya kumlipia hasara. Mwalimu wa Ruangwa hana. Ndiyo maana lazima yeye awe mwerevu zaidi.

Basi hukumu yangu, kama bado mnaitaka, ni hii. Aprili iacheni. Pesa ya ufuta iwekeni katika sanduku, ilale humo, msiiguse kwa harusi wala kwa king'amuzi cha televisheni. Hiyo ndiyo itakayolipa amana ya vyumba mapema, wakati bei haijapanda. Pesa ya korosho ikija, ilipe nauli na chakula, na mkaondoke mwanzo wa Desemba katika juma la maji mafu. Kwa njia hiyo wa Juni na wa Novemba wote watakuwa wamechangia, na hakuna aliyeshindwa ila masika.

Na kama mwaka huu fedha haitatimia, kuna jirani ambaye hatajwi sana. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, iko Mtwara, karibu nanyi kuliko Mafia. Kuanzia Julai au Agosti mpaka Novemba nyangumi wenye nundu hupita katika bahari ya pwani hii, wengine na watoto wao. Nendeni mkasimame ufukoni Msimbati kwa siku mbili. Wafundisheni watoto kuelea katika maji ya kiunoni, na mtu mzima mjuzi akiwa karibu. Atakayezamia Mafia mwaka kesho lazima aanze kulowa mahali fulani.

Kwa leo naishia hapa. Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, nawatakia bahari shwari. Ninyi wa mjini mliocheka mwanzoni, uangalieni ule mwezi mnaokusudia kwenda kisiwani, kisha mjiulize ni nyota ya nani.